Kuvumwani, Ukungu na Maji: Historia ya Uchunguzi wa Mimea Midogo ya Milima ya Uluguru, 1894–1980

Utangulizi

Mtu anayesimama mjini Morogoro asubuhi ya msimu wa masika na kuinua macho kuelekea Bondwa mara nyingi haoni kilele. Mji uko mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, kilele kiko mita zipatazo 2,100, na sehemu ya juu ya mlima humezwa na wingu. Ndani ya wingu hilo msitu hubadilika. Miti huwa mifupi na iliyopinda, na magome yake hayaonekani kwa sababu yamevikwa kuvumwani tangu shinani hadi kwenye vitawi. Konzi moja ya kuvumwani hiyo ikikamuliwa hutoa maji kama kitambaa kilichotolewa kwenye ndoo, na tone la maji hayo likiwekwa chini ya hadubini huonekana kuwa na wakazi wengi.

Makala hii inachunguza jinsi mimea hiyo midogo, pamoja na mwani uishio ndani yake, ilivyoingia katika maandishi ya kisayansi kuhusu Uluguru. Hoja inayotetewa ni kwamba kuvumwani ya Uluguru ilikuwa mikononi mwa wanasayansi kwa takribani miaka themanini kabla ya kazi yake katika maji ya mlima kupimwa, na kwamba kuchelewa huko hakukusababishwa na uhaba wa vielelezo. Kulisababishwa na namna ya kuitazama: iliondolewa maji kwanza, kisha ikachunguzwa. Katika miaka hiyohiyo, wakazi wa milima hiyo walilaumiwa, na hatimaye kulazimishwa kwa sheria, kwa ajili ya maji ambayo hakuna aliyekuwa amepima yanashikwa wapi.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Neno kuvumwani linatumika hapa kwa mimea midogo ya kijani isiyo na maua wala mizizi ya kweli, iotayo kama zulia juu ya magome, miamba na hata majani ya miti. Baadhi ya waandishi hulitumia neno hilohilo kwa kiumbe kingine, yaani muungano wa kuvu na mwani. Matumizi hayo hayafuatwi hapa. Mwani, kwa mtu wa Pwani, ni ule unaovunwa Paje na Jambiani na kuanikwa juani. Katika makala hii neno hilo linahusu pia ndugu zake wasioonekana kwa macho, waishio katika utando wa maji kati ya majani ya kuvumwani: diatomu wenye magamba ya silika, mwani wa kijani wa seli mojamoja, na sianobakteria, ambao kwa uainishaji wa leo ni bakteria lakini wanasayansi wa karne ya 19 waliwahesabu kuwa mwani.

Maji kabla ya hebaria

Swali la nani anayetunza maji ya Uluguru ni la zamani kuliko mkusanyo wowote wa mimea mikavu. Wazaramo, waishio katika nyanda ambazo mto Ruvu huzipitia kabla ya kuingia baharini, walikuwa wakituma ujumbe hadi Kolelo, penye pango lililoko kusini-mashariki mwa milima, kuomba mvua. Mmisionari Martin Klamroth aliandika habari za imani hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na wanahistoria wa Vita vya Majimaji vya 1905 wamelikuta jina la Kolelo katika masimulizi ya kuenea kwa dawa ya maji. Upande wa Kinole, cheo cha Kingalu kilibeba mamlaka juu ya mvua, jambo ambalo Roland Young na Henry Fosbrooke walilieleza katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru.

Hakuna haja ya kuigeuza imani hiyo kuwa sayansi iliyojificha, kosa ambalo baadhi ya maandiko hulifanya kwa nia njema. Mhujaji wa Kolelo hakuwa akipima mvua. Lakini mwelekeo wa safari yake una maana kwa mwanahistoria: watu wa chini walipanda mlimani kutafuta maji, na walipanda upande ule ambao pepo kutoka Bahari ya Hindi huangusha mvua. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Morogoro, uliojibanza nyuma ya mlima, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Katika ramani ya mhujaji, mlima na pwani vilikuwa nchi moja ya maji. Tawala zilizofuata zilichelewa kuichora ramani ya namna hiyo.

Bahasha zisizo na uzito

Franz Stuhlmann alifika Uluguru mwaka 1894 na kuchapisha maelezo ya milima hiyo mwaka uliofuata. Walter Goetze alifuata mwaka 1898, akapanda hadi uwanda wa juu wa Lukwangule, akaendelea na safari yake kuelekea Ziwa Nyasa, ambako alifariki mwaka 1899. Mimea yake ilikwishatumwa Berlin kwa Adolf Engler. Mmoja wapo, ua dogo la zambarau la mahali penye kivuli na unyevu, ulipewa jina lake mwaka 1900: Saintpaulia goetzeana.

Katika biashara hiyo ya vielelezo, kuvumwani ilikuwa mzigo rahisi kuliko yote. Ua hunyauka na kupoteza rangi, tunda huoza, lakini kuvumwani hukauka bila kuharibika, hukunjwa katika bahasha ya karatasi, na bahasha mia moja hazimlemei mpagazi. Kutoka Afrika Mashariki bahasha hizo zilisambazwa kwa wataalamu wachache wa Ulaya. V. F. Brotherus wa Helsinki alizipa majina kuvumwani za majani yaliyozunguka shina. Franz Stephani wa Leipzig alishughulikia jamaa zao wenye umbo bapa, akiziorodhesha katika kazi iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia 1898 hadi 1925. Wote wawili waliijua mimea ya milima ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahasha.

Utaratibu wa mezani unastahili kuelezwa, kwani ndani yake kuna kiini cha jambo hili. Mtaalamu huchukua shina moja kavu, hulitia katika maji ya uvuguvugu, na baada ya dakika chache jani hujikunjua na kurudia umbo lake. Hapo hutazamwa seli, ukingo, ncha na mshipa wa kati, kisha kielelezo hukaushwa tena. Maji, kwa hiyo, yalikuwa chombo cha kazi, sawa na kibanio na kioo. Mwani uliofunuka pamoja na jani ulikuwa takataka iliyoziba mpaka wa seli. Hakuna uzembe katika hilo: kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kutaja spishi, na waliifanya kwa ustadi ambao watafiti wa leo bado wanautegemea. Lakini utaratibu huo haukuwa na nafasi ya kuuliza konzi moja ya kuvumwani hushika maji kiasi gani ikiwa mtini, wala ni nani wengine wanaoyatumia.

Ulinganisho na mahali pa mbali unasaidia kuonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda vinginevyo. Visiwa vya Kerguelen, vilivyoko kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, havina hata mti mmoja wa asili wala mkazi wa kudumu. Joseph Hooker alivifikia mwaka 1840, na baada ya safari za kuangalia sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua mwaka 1874, P. F. Reinsch alichapisha maelezo ya mwani wa maji baridi uliokusanywa huko. Katika visiwa vya Crozet, jirani na Kerguelen, Bart Van de Vijver na wenzake walitoa mwaka 2002 kazi nzima juu ya diatomu wa kisiwa kimoja, wakiwamo wale waishio ndani ya kuvumwani. Vilele vya Uluguru navyo ni visiwa vya baridi, vilivyozungukwa na nyanda za joto badala ya bahari. Tofauti ni kwamba mgeni aliyeshuka Kerguelen hakuwa na kitu kingine kikubwa cha kutazama. Mgeni wa Uluguru alikuwa na miti mirefu, ndege wasiopatikana kwingine, vinyonga, na maua ya Goetze. Utajiri wa msitu uliwafunika wadogo wake.

Mnamo Machi 1943 hebaria ya Berlin iliteketea katika shambulio la mabomu, na sehemu kubwa ya vielelezo vya msingi vya Afrika Mashariki ikapotea. Uluguru ilihitaji kukusanywa upya.

Mlima washtakiwa

Wakati huohuo utawala ulikuwa na mlima wake mwingine, mlima wa udongo. Wajerumani walitenga misitu ya Uluguru kuwa hifadhi mwaka 1909, na Waingereza wakairithi mipaka hiyo. Kufikia miaka ya 1940 maofisa wa kilimo waliona mashamba yaliyopanda miteremko mikali, moto wa kuandalia mashamba, na mito iliyogeuka rangi ya matofali baada ya mvua. Chini ya milima hiyo kulikuwa na mashamba ya mkonge, reli, na mji wa Dar es Salaam uliokuwa ukikua. Mkulima Mluguru akawa jibu la swali la maji.

Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 uliwataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu, hivyo mavuno yakapungua palepale ambapo jembe lilitii amri. Julai 1955 umati wa watu ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Muda si mrefu mpango huo ukaachwa. Young na Fosbrooke waliusoma mgogoro huo kama suala la mamlaka na ukoo. Pamela Maack, akiandika mwaka 1996, aliusoma kama suala la utambulisho na la wanawake waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba. Masomo yote mawili yana nguvu. Hata hivyo, yote mawili yanaliacha bila kuguswa dai la kiufundi lililouzaa mpango wenyewe, yaani kwamba maji ya Uluguru hupatikana au hupotea katika shamba.

Haki inadai isemwe kwamba maofisa wa misitu hawakuamini hivyo moja kwa moja. Wao walijua kuwa msitu hulinda maji, na mfano walioupenda ulikuwa wa sponji. Lakini sponji hiyo waliiweka ardhini, katika mizizi, majani yaliyooza na udongo mweusi. Hawakuitafuta juu, katika matawi. Kitu ambacho Brotherus alikuwa amekiwekea majina na kitu ambacho mtunza misitu alikuwa akikihitaji kilikuwa kimoja, na hapakuwa na dawati ambapo karatasi za hao wawili zingekutana.

Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kupeleka maji Dar es Salaam. Tangu hapo ukungu wa Uluguru ukawa sehemu ya maisha ya kila nyumba yenye bomba katika jiji ambalo wakazi wake wengi hawakuwahi kuuona mlima huo.

Mizani ya Morogoro

Dawati hilo lilipatikana Morogoro. Chuo cha Kilimo kilichoanzishwa hapo mwaka 1965 kiligeuka kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika hapo mhadhiri kutoka Hungaria, Tamás Pócs, mtaalamu wa kuvumwani. Kwa miaka kadhaa aliishi chini ya mlima. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalomtenganisha na wote waliomtangulia. Goetze alipita Uluguru mara moja. Stephani aliijua kwa barua. Mtu mwenye nyumba Morogoro angeweza kupanda Bondwa wakati wa masika, akapanda tena Septemba wakati nyanda zimekauka, na kukuta kuvumwani ileile katika hali mbili tofauti.

Machapisho yaliyotokana na kipindi hicho yanafuatana: uchunguzi wa hali ya hewa ya mlima na uoto wake, ramani ya uoto, na mwaka 1976, katika jarida la Boissiera la Geneva, maelezo ya nafasi ya mimea iotayo juu ya miti katika maji na katika uundaji wa mboji. Mwaka 1978 alitoa kazi juu ya jamii za mimea midogo iotayo juu ya majani hai. Matokeo yanayonukuliwa zaidi yalichapishwa mwaka 1980. Pócs alilinganisha misitu miwili, mmoja katika mwinuko wa mita zipatazo 1,400 na mwingine ule wa miti mifupi ya ukungu karibu na kilele cha Bondwa. Katika msitu wa chini, mimea iotayo juu ya miti, pamoja na mboji iliyojikusanya kati yake, ilikuwa na uzito mkavu wa takribani tani 2 kwa hekta. Katika msitu wa ukungu ilikaribia tani 14, na uwezo wake wa kushika maji ulikadiriwa kuwa takribani lita 50,000 kwa hekta katika mvua moja.

Tarakimu hiyo inahitaji kutafsiriwa. Lita 50,000 ni ndoo 2,500 za lita 20, zikiwa zimening'inia hewani juu ya hekta moja. Ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa mimea yenyewe. Ni sawa pia na milimita 5 za mvua, kiasi ambacho kinaonekana kidogo mbele ya milimita 2,000 za mwaka, na msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza kelele zote ni za nini. Jibu liko katika marudio. Kuvumwani iliyojaa haiwezi kupokea zaidi, lakini hutoa kidogokidogo, sehemu ikirudi hewani na sehemu ikidondoka chini, kisha hujazwa tena, ama na mvua ama na ukungu ambao kipimamvua cha kawaida hakiuoni kabisa. Matone ya ukungu ni madogo mno kuanguka. Hupeperushwa hadi yanapogusa kitu, na hakuna kinachotoa nafasi ya kuguswa kwa wingi zaidi ya maelfu ya majani membamba ya kuvumwani. Mvua ya nguvu inayopiga kilele haifiki ardhini kwa nguvu ileile.

Mizani ya Bondwa haikuwaondolea wakulima hatia yote. Udongo wa miteremko ya Mgeta huchukuliwa na maji kweli, na tope la Ruvu halitoki katika kuvumwani. Ilichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo mpango wa miaka ya 1950 uliyafunga katika fungu moja: upotevu wa udongo, ambao hutokea shambani, na uhifadhi wa maji, ambao kwa sehemu hutokea ndani ya wingu. Matombo, mahali ambapo mtu alikufa kwa ajili ya matuta, iko zaidi ya mita 1,000 chini ya ukanda huo. Kama vipimo vya namna hii vingekuwepo mwaka 1950, pengine mpango ungeandikwa vilevile. Tawala huwa na sababu zao za kutaka watu wachimbe. Lakini dai la kwamba kila ndoo iliyopungua Dar es Salaam ilikuwa imemwagwa na jembe la Mluguru lisingeweza kutolewa kwa uhakika ule.

Ndani ya uzito

Tani 14 za Bondwa zilipimwa zikiwa na kila kilichokuwa ndani yake. Mwani ulipimwa humo pia, bila kutajwa. Sianobakteria huweza kuifunga naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mimea, jambo ambalo K. Drewes alilithibitisha kwa vimelea safi vya maabara mwaka 1928. Katika baadhi ya jamaa za kuvumwani wenye umbo bapa, Nostoc huishi katika vijumba maalumu ndani ya mmea. Barbara Bentley na Edward Carpenter walionyesha mwaka 1984, katika msitu wa mvua wa Costa Rica, kwamba naitrojeni iliyofungwa na viumbe wadogo walio juu ya jani huingia moja kwa moja katika jani hilo. Mti wa kilele, unaosimama juu ya udongo uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una sababu ya kuvaa kuvumwani. Pócs mwenyewe aligeukia upande huo baadaye. Mwaka 2009 alichapisha kazi juu ya namna sianobakteria wanavyotanda juu ya miamba na kustahimili ukame mkali.

Hapa historia ya bahasha inarudi kwa njia isiyotarajiwa. Imesemwa juu kwamba utaratibu wa hebaria uliuondoa mwani machoni. Haukuuondoa ndani ya bahasha. Gamba la diatomu ni la silika, na halioshwi na ukavu wala miaka. Nchini Uholanzi, H. van Dam na A. Mertens waliosha mwaka 1993 mimea ya majini iliyohifadhiwa kwa miongo mingi katika hebaria na kusoma, kwa diatomu waliobaki juu yake, hali ya maji ya wakati mimea hiyo ilipochumwa. Charles Lipman wa Chuo Kikuu cha California alikwenda mbali zaidi: mwaka 1941 aliripoti kwamba Nostoc iliyokaa kavu hebariani kwa miaka 87 iliota tena alipoipa maji.

Mkusanyo wa Pócs umehifadhiwa katika hebaria ya Eger, Hungaria. Kuvumwani zilizochumwa Uluguru katika miaka ya Kitivo cha Kilimo zimo humo katika bahasha zake, kila moja ikiwa na jina la mahali, mwinuko na tarehe, na pamoja nazo, kavu, mwani uliokuwa ukiishi katika maji ya Bondwa siku hiyo.